Dhahabu Kwenye Mguu wa Baba

Baba yangu alikata mkonge wa shamba la watu ujana wake wote, pale Ngombezi, na haukumfanya kitu zaidi ya mikwaruzo. Alipostaafu ndipo akachomwa na mche mmoja ulioota wenyewe nyuma ya choo chetu. Alikuwa peku, anataka jani moja tu asokote kamba ya kumfungia mbuzi. Ncha ikamwingia karibu na kidole gumba cha mguu wa kulia, na kwa kuwa sukari ilishamtia ganzi miguu yote miwili, hakusikia kitu. Mama ndiye aliyeona damu sakafuni akauliza nani kachinja kuku bila kumwambia.

Mimi nauza chakula Mombo, pale mabasi yanaposimama. Wali maharage, nyama, ndizi za kuchoma. Abiria wana haraka na mimi hasira zangu ziko karibu, kwa hiyo tunaelewana. Siku ambazo sipiki nilikuwa napanda basi kwenda kumwona baba, na kila nikifika swali langu la kwanza lilikuwa hilohilo: kidonda kimefunga? Hakijafunga. Kilikuwa hakikui wala hakipungui, kimekaa tu pale kama mgeni asiyeaga. Nesi wa kituo cha afya alikuwa anakisafisha na kukifunga, anamhimiza baba ameze vidonge vya sukari na aache kutembea peku. Siku moja nikamsikia anamwambia, "Mzee, asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Baba akamjibu, "Mkuu mwenyewe hapa ni mimi, binti. Nitamsikia nani?" Nesi alicheka, na sisi tukacheka. Nikikumbuka kicheko kile leo moyo unaniuma.

Binti yangu ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa koti jeupe bila kuwa muuza bucha. Anasoma chuo, Dar es Salaam, na kazi yake ni ngozi. Si ngozi ya mbuzi, ngozi ya binadamu, ile inayooteshwa kwenye visahani vya plastiki. Idi moja alikuja Ngombezi kusalimia, akawakuta babu na bibi yake uani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu," baba akaitikia, kwa sababu ndivyo babu anavyomwita mjukuu wa kike kwetu, na utani huo hauna mwisho mpaka mmoja azikwe.

"Mke mwenzangu umekonda," mama akadakia. "Huyu mwanamume wetu hakulishi?"

Wakacheka weee, kisha baba akanyoosha mguu wake uliofungwa bandeji juu ya kigoda na kumuuliza mkewe mdogo huko chuoni wanapika nini. Binti yangu akamwambia wanapika dhahabu.

Nakumbuka baba alivyokaa sawasawa. Ana mtoto wa kiume, mdogo wangu, anayechimba dhahabu upande wa Handeni, na hajawahi kuona faida yake zaidi ya vumbi. "Dhahabu ya nini?"

"Ya vidonda, babu." Naye akamweleza vizuri, kwa lugha ya nyumbani, wala sikumwona akijitia usomi. Alisema wanatengeneza punje za dhahabu ndogo mno, hata ukizitia kwenye maji huzioni, ila maji yote yanageuka mekundu kama juisi ya rozela. Lakini punje hizo zikiwa uchi hazifai, zinagandana zenyewe kwa zenyewe. Lazima zivikwe utando mwembamba juu. Na hapo ndipo penye kazi. "Tukizivika vazi moja, seli za ngozi zinazipokea vizuri, zinatambaa haraka kuziba jeraha. Tukizivika vazi jingine, seli zinalegea, nyingine zinakufa kabisa. Mimi natafuta vazi."

"Kumbe nimeoa fundi cherehani," baba akasema.

Binti yangu akatoa simu akamwonyesha. Kulikuwa na seli zimebanana kama mchele kwenye ungo, katikati umepita mstari mtupu ambao yeye mwenyewe alikuwa ameukwaruza. Kisha picha ikaanza kutembea, nazo seli za upande huu na upande ule zikajongea, zikajongea, mpaka mstari ukatoweka. Baba akaomba arudishe. Akaomba arudishe tena. "Wanakwenda," akasema, kana kwamba ni watu. "Jamani, wanakwenda kabisa. Na hao ni ngozi ya nani?"

"Ya watu waliofanyiwa upasuaji, wakakubali kipande kibaki kwetu."

"Na kidonda kikafunga?"

"Cha kwenye sahani kimefunga, babu. Cha mtu bado hatujagusa. Hiyo ni safari ya miaka mingi, na huenda isifike."

Nilikuwepo. Nilimsikia binti yangu akisema hayo yote, la kwanza na la mwisho, tena kwa sauti ya kutosha. Na nilimwona baba akishika la kwanza peke yake. Mfa maji haachi kutapatapa, na yeye alikuwa amechoka na bandeji, amechoka na kunuka, amechoka kuswali kwenye kiti wakati wenzake wanasujudu. Nani angemlaumu? Mimi nilirudi Mombo nikiwa nimefurahi kumwona amechangamka.

Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza siku nesi aliponipigia simu. "Mama, mzee amehama kituo?" Nikamwambia hajahama, kwa nini? "Haji kufungwa kidonda siku nyingi sasa. Nikimpigia anasema anaendelea vizuri, nisisumbuke." Niliacha sufuria jikoni kwa jirani, nikapanda basi la kwanza lililosimama. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia, na yote yalikuwa makali.

Nilimkuta mama uani anafua bandeji. Mama yangu si mwongo, ila anajua kunyamaza kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Nilipomuuliza ni dawa gani anayotumia baba, alimimina taratibu maji machafu ya beseni kwenye majani, akabakiza tone chini, akaniinamishia nione. Kulikuwa na vipunje vinang'aa pale chini, vingine vya manjano, vingine vyeupe kama bati.

"Ni nini hii, mama?"

"Muulize mume wangu."

Nikaingia ndani. Baba alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mto, na chumba kilikuwa na harufu ambayo sitaisema hapa kwa heshima yake. Alijua kwamba najua. Hakuficha, alinieleza kwa fahari kama mtu aliyevumbua kitu. Mjukuu wake alisema dhahabu, basi alimpigia mwanawe kule machimboni amletee dhahabu. Mjukuu wake alisema iwe ndogo kabisa, basi aliagiza iliyo laini, ya kusagika kwa vidole.

"Na mimi si mjinga," akasema. "Alisema isikae uchi, ivikwe. Nimeivika."

"Umeivika nini, baba?"

"Asali. Asali ya nyuki wadogo, kutoka Kwamsisi, kijijini kwetu. Nimeichanganya nayo, nimesoma Bismillahi, nimepaka."

Haki ya Mungu, sikujua nicheke au nilie. Maneno yangu makali yote niliyoyabeba kutoka Mombo yaliniishia mdomoni. Huyu mzee alikuwa amemsikiliza mjukuu wake kwa makini kuliko sisi sote, amefuata maelezo hatua kwa hatua, kwa vitu vilivyopo nyumbani kwake. Nilimwonea huruma mpaka nikamwonea hasira.

Hasira zikampata mdogo wangu. Nilimpigia nikiwa nimesimama kwenye mche uleule wa mkonge nyuma ya choo.

"Ulimpa baba dhahabu ipi?"

"Dada, si aliomba yenye kusagika? Nikampa ile laini."

"Laini kwa nini? Dhahabu tangu lini ikawa laini?"

Wachimbaji wadogo wakishaosha mchanga wao huukamata unga wa dhahabu kwa zebaki, wanaukamua kwenye kitambaa, wanabaki na donge jeupe, wanalichoma mpaka zebaki iondoke na moshi. Donge likichomwa zebaki ikaisha linakuwa gumu. Isipoisha linakuwa tepetepe, linavunjika kwa vidole.

"Haikuchomwa mpaka mwisho," akasema.

"Ina zebaki?"

"Dada, aliniambia mtoto wako ndiye kaagiza! Mtoto wa chuo! Mimi nikatae vipi?"

Nilimtukana. Sitayaandika, ila yalikuwa matusi ya stendi, na majirani walifunga madirisha. Aliyapokea yote, kisha nikamsikia analia, mwanamume mzima, shimoni huko, na mimi nikakaa chini kwenye tope nikalia naye.

Tukampeleka hospitali Korogwe, na daktari akafungua bandeji. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Ngozi ya kuzunguka kidonda ilikuwa imebabuka, nyekundu, inachuruzika. Tulimweleza kila kitu, asali na dhahabu na donge, na namshukuru hakucheka wala hakufoka. Alisema asali peke yake isingekuwa na ubaya huo. Alisema zebaki ni sumu, imeikera ngozi na huenda imeingia mwilini, itabidi wampime. "Lakini mama, siwezi kukudanganya kwamba ni zebaki tu. Ni sukari, na ni hizo siku zote ambazo kidonda hakikusafishwa. Vyote vimesaidiana." Usaha ulikuwa umefika kwenye mfupa. Mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe upesi, kabla haujamchukua mwenyewe.

Baba akasema, "Hapana."

"Mzee wangu, hatuna muda."

"Wewe huna muda. Mimi ninao. Dawa yangu inatengenezwa. Mke wangu anaishonea nguo."

Daktari akanitazama mimi, anadhani homa imempanda kichwani. Homa ilikuwepo, lakini maneno yale yalikuwa ya akili timamu. Tulimsihi. Mama alimsihi, yeye ambaye hakuwahi kumpinga mbele za watu. Mdogo wangu alifika kutoka Handeni na udongo kwenye kope, akapiga magoti pembeni ya kitanda akaomba msamaha, na baba akampangusa kichwa akamwambia hajakosa lolote, dhahabu yake ilikuwa nzuri, labda ilihitaji vazi jingine. Hapo nikatoka nje nikampigia binti yangu.

"Njoo," nikamwambia. "Hatamsikia mtu mwingine. Umempa tumaini wewe, njoo umnyang'anye wewe."

Ni neno baya kumwambia mtoto. Lakini lilikuwa kweli, naye hakulikataa. Alikuja na basi la alfajiri, akaingia wodini bado ana begi mgongoni, na mimi nikasimama mlangoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Umekuja nayo?"

Akakaa kitandani kwa upande wa mguu mbovu. Wengi tuliokuja kumwona tulikuwa tunakaa upande wa pili, kwa ajili ya harufu. "Sikuja nayo, babu. Haipo."

"Bado haijaisha?"

"Haijaanza. Nilikuonyesha sahani. Kwenye sahani hakuna sukari, hakuna usaha, hakuna mfupa, hakuna mtu. Ni seli tu, nimezipangia mwenyewe, nimezilisha mwenyewe. Hata humo kuna vazi tulilolipenda sana likaja likaua seli zote, na hatujui sababu. Mimi sijui, babu. Najifunza."

"Lakini walikwenda," baba akasema. "Niliwaona. Walikwenda mpaka wakakutana."

"Walikwenda."

"Basi na mimi nitangoja."

Hapo binti yangu akaanza kulia. Hakufunika uso, alimtazama babu yake hivyohivyo huku machozi yanashuka. "Ukingoja, dawa inaweza kuja siku moja, na wewe haupo. Mimi nitakuwa na dawa ya nani? Babu, kubali wakate. Nakuomba. Bora uwe na mguu mmoja na mimi nikukute."

Baba akauliza, na safari hii hakumwita mke, "Mjukuu wangu, unasema hivyo kwa kusoma au kwa kunipenda?"

"Kwa vyote viwili."

"Haya," baba akasema. "Mwite huyo daktari. Ila mguu wangu usitupwe na takataka. Uende ukalale Kwamsisi, kwenye makaburi ya wazee wangu."

Wakamkata. Mdogo wangu aliupokea mguu umefungwa kitambaa cheupe, akaubeba mpaka Kwamsisi kwa pikipiki, na kule wazee wakataka vijana wa kijiji wachimbe, akakataa. Alichimba mwenyewe. Aliponisimulia alisema hajawahi kuchimba shimo taratibu namna ile, wala hajawahi kuogopa kiasi kile kufika chini. Hajarudi machimboni tangu hapo. Analima mahindi sasa, na mimi nimeacha kumkumbusha yaliyopita, ingawa ulimi unaniwasha.

Kidonda cha kukatwa kilifunga. Kilifunga kwa njia isiyo na habari yoyote ya kusimulia: maji safi, chachi safi, vidonge vya sukari kila siku, na nesi yule ambaye sasa baba anamsikiliza kama imamu. Zebaki nayo walimpima, wakamfuatilia, wakasema inapungua. Binti yangu alirudi chuoni. Kuna kipindi alitaka kuacha kabisa, akaniambia kila akikwaruza ule mstari kwenye sahani anauona mguu. Nilimwambia ukweli, kwamba mimi sijui la kumshauri, ampigie babu yake. Akampigia. Sikuambiwa walichoongea, lakini hakuacha.

Likizo iliyofuata akaja, nami nikafunga biashara nikaenda kumkuta. Tulikaa chumbani kwa wazee baada ya chakula cha mchana, sisi wanawake watatu, baba amejilaza. Alikuwa anatutania vizuri, mara akakunja uso.

"Unawasha," akasema.

"Nini babu?"

"Mguu. Kidole gumba. Unawasha sana."

Shuka lilikuwa limelala bapa kuanzia chini ya goti. Binti yangu alinitazama akaninong'oneza kwamba ndivyo inavyotokea, mishipa bado inadhani mguu upo, na kwamba wanasayansi wenyewe hawajapata dawa yake ya uhakika. Alikuwa amebadilika rangi. Nadhani alikuwa anafikiria ngozi yote aliyowahi kuiotesha, na sasa hii inayowasha, ambayo haipo mahali popote isipokuwa Kwamsisi chini ya udongo. Mimi nilitaka kumwambia baba asiseme hivyo, atuhurumie.

Mama aliweka bakuli lake pembeni, akafuta mkono kwenye kanga, akajisogeza mpaka mwisho wa kitanda. Akaanza kukuna godoro, pale ambapo kidole kingekuwepo, taratibu, kwa kucha, kwa makini. Kwa jinsi alivyokuwa amezoea nilijua si mara yake ya kwanza.

"Hapo?" akamuuliza.

Baba alikuwa amefumba macho. "Chini kidogo."

Mama akashusha mkono chini kidogo, akaendelea kukuna.